Bangili, Kamba na Jina la Kubuni: Maisha ya William Moulton Marston na Uhakiki wa Wonder Woman

Utangulizi

Uhusiano kati ya maisha ya mtunzi na kazi yake ni miongoni mwa masuala makongwe katika uhakiki wa fasihi. Katika tahakiki nyingi za Kiswahili, hususan zile zinazokusudiwa wanafunzi, sura ya kwanza hutengewa maisha ya mwandishi. Baada ya hapo mhakiki huendelea na maudhui, wahusika na mtindo kana kwamba sura hiyo haikuwapo. Kwa upande mwingine, wapo wananadharia ambao wameukana kabisa mkabala wa kiwasifu. Wimsatt na Beardsley, katika makala yao ya mwaka 1946, walishikilia kuwa nia ya mtunzi haiwezi kuwa kipimo cha kazi. Roland Barthes naye, mwaka 1967, alitangaza kifo cha mwandishi ili msomaji apate kuzaliwa. Baina ya sura ya kwanza isiyotumika na mwandishi aliyekwisha kuzikwa, mhakiki hubaki na swali moja: je, maisha ya mtunzi yana kazi gani hasa katika kufasiri matini?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea utanzu ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika idara za fasihi, yaani hadithi za katuni, na mhusika mmoja maarufu wa utanzu huo nchini Marekani, Wonder Woman. Muumba wake, William Moulton Marston (1893–1947), aliishi maisha yaliyokiuka kaida za jamii yake. Tangu maisha hayo yalipoanza kujulikana kwa mapana, hasa baada ya mwanahistoria Jill Lepore kuchapisha kitabu chake mwaka 2014, wahakiki wengi wamekuwa wakiisoma kila ishara katika katuni hizo kama mwangwi wa chumba cha mtunzi. Inadaiwa hapa kwamba usomaji wa aina hiyo ni finyu. Thamani ya wasifu wa Marston si kwamba unafumbua fumbo la kila picha. Thamani yake ni kwamba unaivunja dhana yenyewe ya mtunzi mmoja, na kuwarejesha katika historia ya kazi hiyo wanawake ambao majina yao hayakuonekana jaladani.

Mtunzi na nyumba yake

Marston alizaliwa katika jimbo la Massachusetts na kusomea Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alipata shahada ya kwanza mwaka 1915, shahada ya sheria mwaka 1918 na ya uzamifu katika saikolojia mwaka 1921. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuchunguza uhusiano kati ya uongo na mabadiliko ya shinikizo la damu, utafiti ambao ulichangia kuwapo kwa mashine ya kupimia uongo. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye dhidi ya serikali ya Marekani, mahakama ya rufani mjini Washington ilikataa ushahidi uliotokana na kipimo chake kwa sababu haukuwa umekubalika miongoni mwa wanasayansi wa taaluma husika. Uamuzi huo ulikuja kuwa kigezo cha kupima ushahidi wa kitaalamu katika mahakama za Marekani kwa miongo mingi. Kwa hiyo jina la Marston linahusishwa na historia ya sheria kupitia kukataliwa kwake. Baadaye alihama kutoka chuo hadi chuo, akafanya kazi kwa muda katika kampuni ya filamu ya Universal, na mwaka 1938 akaonekana katika matangazo ya nyembe za Gillette ambamo kipimo cha uongo kilitumiwa kusifia bidhaa.

Mkewe, Elizabeth Holloway (1893–1993), alikuwa msomi kwa haki yake. Alihitimu katika chuo cha Mount Holyoke mwaka 1915, akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1918 na ya uzamili katika saikolojia huko Radcliffe mwaka 1921. Katikati ya miaka ya 1920, Marston alipokuwa akifundisha katika chuo cha Tufts, alikutana na mwanafunzi aitwaye Olive Byrne (1904–1990). Huyu alikuwa binti wa Ethel Byrne na mpwa wa Margaret Sanger, akina dada waliofungua kliniki ya kwanza ya kupanga uzazi nchini Marekani, huko Brooklyn, mwaka 1916. Mwaka uliofuata Ethel alifungwa kwa ajili ya kazi hiyo, akagoma kula gerezani hadi akalishwa kwa nguvu.

Olive alihamia katika nyumba ya Marston. Wanawake hao wawili walizaa naye watoto wanne, wawili kila mmoja. Holloway alikwenda kazini na mshahara wake ndio uliokuwa nguzo ya familia kwa muda mrefu; Byrne alibaki nyumbani kuwalea watoto wote. Mwanamke wa tatu, Marjorie Wilkes Huntley, alikuwa akija na kuondoka. Kwa watu wa nje, Olive alikuwa mjane wa bwana mmoja Richard, mume ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Watoto wake waliasiliwa kisheria na Marston na Holloway mwaka 1935, nao hawakuelezwa baba yao ni nani hadi miaka ya 1960.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushawishika kuuita mpango huo ndoa ya mitara na kupita. Ulinganisho huo una manufaa, lakini kwa sababu ya pale unapokwama. Mitara ni taasisi ya hadhara. Mke wa pili hujulikana na jamii, huwa na nafasi na madai yake, na wanawe hutajwa kwa jina la baba yao pasipo kuhitaji hati ya mahakama. Olive Byrne hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa mke bila ndoa, mjane bila marehemu, na mama ambaye kwa mujibu wa sheria wanawe walikuwa wa mwingine. Aidha, Lepore anaeleza kwamba Marston alimpa Holloway hiari mbili tu: ama Olive aishi nao, ama yeye mwenyewe aondoke. Yeyote anayeisifu nyumba hii kama bustani ya uhuru hana budi kuukumbuka ukweli huo. Na yeyote anayeilaani kama unyonyaji mtupu hana budi kukumbuka kwamba Marston alipofariki mwaka 1947, wanawake hao wawili hawakutengana. Waliendelea kuishi pamoja hadi Byrne alipoaga dunia zaidi ya miongo minne baadaye.

Bangili na kamba: mipaka ya usomaji wa kiwasifu

Wonder Woman alijitokeza mara ya kwanza katika toleo la 8 la All Star Comics, mwishoni mwa mwaka 1941, kisha akapewa nafasi ya mbele katika toleo la kwanza la Sensation Comics, Januari 1942. Ni binti wa malkia wa Waamazoni anayeondoka katika kisiwa cha wanawake na kwenda Marekani kupigana na maadui wa nchi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Silaha zake si bunduki. Ana bangili za kukinga risasi na kamba ya dhahabu. Vitu hivi viwili ndivyo ambavyo wahakiki wa kiwasifu huvikimbilia kwanza, na ndivyo vinavyodhihirisha uwezo na udhaifu wa mkabala wao.

Kuhusu bangili, ushahidi ni thabiti. Olive Byrne alivaa bangili pana mikononi mwake kwa miaka mingi, na katika makala aliyoiandikia jarida la Family Circle mwaka 1942 alieleza kwamba ndizo zilizokuwa kielelezo cha bangili za shujaa huyo. Hata hivyo, ushahidi huo unaeleza asili ya kitu bila kueleza maana yake katika hadithi. Ndani ya matini, bangili zina historia yao wenyewe. Waamazoni walitekwa na Herkule kwa hila, wakafungwa minyororo, na baada ya kukombolewa na mungu wa kike Afrodita waliamriwa kuzivaa daima ili wasisahau hatari ya kuwasalimia wanaume utashi wao. Mwanamume akifaulu kufunga minyororo kwenye bangili hizo, nguvu za shujaa humtoka. Zikivuliwa kabisa, hushindwa kujitawala. Hii ni jazanda changamano: kitu kimoja ni kinga, ni kumbukumbu ya utumwa, na ni kizuizi cha nguvu isiyo na mipaka. Kusema kwamba bangili hizo ni za Olive ni kusema kweli, lakini maswali yote matatu hubaki bila jibu.

Kuhusu kamba, tatizo ni kubwa zaidi. Imekuwa desturi kusema kwamba mvumbuzi wa kipimo cha uongo alibuni kamba inayomlazimisha kila anayefungwa nayo kusema kweli, na kwamba uhusiano kati ya maisha na kazi hauhitaji hoja zaidi. Matini za awali haziungi mkono dai hilo kwa ukamilifu. Kamba aliyoipata shujaa mwaka 1942 ilikuwa kwanza kabisa kamba ya utiifu: aliyefungwa nayo alilazimika kutenda lolote aliloamriwa, na kusema kweli kulikuwa sehemu tu ya utiifu huo. Kuitazama kama kamba ya ukweli kulipata nguvu baadaye, hususan katika hadithi zilizosukwa upya na George Pérez kuanzia mwaka 1987, miaka arobaini baada ya kifo cha Marston. Kwa hiyo wahakiki wameichukua taswira ya baadaye, wakairudisha nyuma, kisha wakaifungamanisha na wasifu wa mtu ambaye hakuibuni kwa sura hiyo. Wasifu unapotumiwa bila kuchunguza matini kwa makini, huzaa ulinganifu unaovutia usiokuwa na msingi.

Ikiwa kamba hiyo ina nasaba katika fikra za Marston, basi inapaswa kutafutwa katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu hisia za watu wa kawaida, wala si katika mashine yake. Humo aligawa hisia za msingi katika mafungu manne: utawala, ushawishi, unyenyekevu na ukubalifu. Kwake yeye, unyenyekevu kwa mamlaka yenye upendo haukuwa udhaifu. Ulikuwa furaha na sharti la amani. Wanaume, aliamini, hutawala kwa mabavu, ilhali wanawake wana uwezo wa kuwafundisha kunyenyekea kwa upendo. Ndiyo maana mwaka 1937 aliwatangazia waandishi wa habari kwamba wakati ungefika wanawake watawale. Kamba ya dhahabu ni nadharia hiyo iliyotiwa katika picha.

Minyororo na suala la itikadi

Nadharia hiyo ndiyo inayozua mgogoro mkubwa wa kimaudhui katika katuni hizo. Ni nadra toleo la miaka ya Marston kupita bila mwanamke kufungwa kamba, kutiwa minyororo au kuzibwa kinywa. Mwaka 1943 Josette Frank wa shirika la utafiti wa watoto, aliyekuwa katika bodi ya washauri wa mchapishaji, alilalamikia picha hizo na mateso wanayotendewa wanawake. Mchapishaji, M. C. Gaines, alimpelekea Marston orodha iliyoandaliwa na mhariri Dorothy Roubicek ya njia za kuwazuia wahusika wa kike pasipo minyororo. Marston hakukubali kuiondoa. Alitetea kwamba kufungwa kulikuwa mchezo usio na ukatili, na kwamba kujifunza kunyenyekea ndiko kungeiokoa dunia na vita.

Katika hali hii, mhakiki anaweza kushika mojawapo ya njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuiona minyororo kama tamaa za faragha za mtunzi zilizovishwa vazi la siasa. Ya pili ni kuiona kama urithi wa taswira za wapigania haki ya kupiga kura, ambao katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walimchora mwanamke akiikata minyororo ya sheria na desturi. Njia hii ya pili ina ushahidi wa kihistoria. Mchoraji wa Wonder Woman, Harry G. Peter, aliwahi kuchorea jarida la Judge, lile lile lililochapisha michoro ya kuunga mkono harakati hizo.

Njia zote mbili hukosa kuzingatia muundo wa hadithi. Mchoro wa mpigania haki huonyesha mnyororo ukikatika mara moja, na hapo maana yake hukamilika. Katuni ya mfululizo haina ruhusa hiyo. Mwezi ujao shujaa lazima afungwe tena ili apate kujifungua tena. Kwa hiyo taswira ya ukombozi inageuka kuwa taswira ya kufungwa kusikokwisha kutokana na masharti ya utanzu wenyewe, licha ya nia njema au mbaya ya mtunzi. Hapa ndipo maonyo ya Wimsatt na Beardsley yanapothibitika. Nia ya Marston ilitangazwa wazi kwa maandishi, na bado haitoshi kuamua picha hizo zinasema nini kwa msomaji wa miaka kumi.

Nani alitunga?

Katuni za Wonder Woman zilitolewa kwa jina la Charles Moulton. Ni jina la kubuni lililoungwa kutokana na jina la kati la Gaines na jina la kati la Marston. Yaani jina la mwanamume lililotokana na wanaume wawili. Ukichunguza ni nani waliochangia kazi yenyewe, hesabu inabadilika.

Makala iliyomfikisha Marston kwa Gaines ilitoka katika Family Circle mwaka 1940 na iliandikwa na Olive Byrne kwa jina la Olive Richard. Katika makala hiyo, mwandishi anasafiri kumtembelea mwanasaikolojia mashuhuri na kumuuliza kama katuni zinawadhuru watoto. Msomaji hakuwa na namna ya kujua kwamba mwulizaji na mwulizwaji walikuwa wakilala chini ya paa moja na kulea watoto pamoja. Holloway naye, katika simulizi za familia, ndiye aliyesisitiza kwamba shujaa mpya awe mwanamke. Yeye pia alishiriki katika utafiti wa shinikizo la damu, na jina lake limo katika kitabu cha saikolojia cha mwaka 1931 alichokiandika pamoja na mumewe na C. Daly King. Baada ya Marston kupatwa na polio mwaka 1944, sehemu kubwa ya uandishi iliangukia mikononi mwa Joye Hummel, aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyeajiriwa akiwa na umri wa miaka 19. Alipoanza kazi, Byrne alimpa kitabu cha Margaret Sanger cha mwaka 1920 kuhusu mwanamke na jamii mpya ili kimwongoze. Hadithi za Hummel zilitoka kwa jina la Charles Moulton, na ilimchukua hadi mwaka 2018 kutuzwa rasmi kwa uandishi wake, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Mambo haya hayawezi kuchukuliwa kama tanbihi za wasifu. Yanahusu mada yenyewe ya katuni. Shujaa huyo naye anaishi kwa jina la kuazima, Diana Prince, ambalo alilinunua kutoka kwa muuguzi aliyefanana naye. Katika vazi la Diana hufanya kazi ofisini na hapati kuonekana. Mwanamume anayempenda shujaa humpita Diana mezani bila kumtambua. Mwaka 1942, katika hadithi za chama cha mashujaa zilizoandikwa na Gardner Fox, Wonder Woman mwenyewe alifanywa karani wa chama, akabaki nyuma wanaume walipokwenda vitani. Hali ya mwanamke ambaye kazi yake inatumika na jina lake halitajwi inapatikana ndani ya hadithi na nje yake pia.

Kilichotokea baada ya mwaka 1947 kinathibitisha jambo hili. Holloway alitaka akabidhiwe usimamizi wa kazi hiyo, lakini mchapishaji alimpa Robert Kanigher, na Hummel akaondoka. Kurasa za wasifu wa wanawake mashuhuri wa historia, zilizokuwa zikiambatana na hadithi tangu mwaka 1942, ziliondolewa hatimaye na nafasi yake ikachukuliwa na habari za desturi za arusi. Shujaa akazidi kushughulishwa na mapenzi. Mwaka 1968 alinyang'anywa hata nguvu zake, na alirejeshewa baadaye, katika kipindi kile ambapo jarida la Ms. lilimweka jaladani mwezi Julai 1972 kama nembo ya harakati za wanawake. Endapo mhusika huyo angekuwa zao la akili ya mtu mmoja, kifo cha mtu huyo kingetosha kueleza mageuzi hayo. Lakini waliokuwa wakiishirikisha kazi hiyo na historia ya mapambano ya wanawake walikuwa bado hai. Waliondolewa mlangoni.

Upokezi wa karne ya 21

Filamu ya Angela Robinson ya mwaka 2017 kuhusu Marston na wanawake wake inaisawiri nyumba hiyo kama penzi la pande tatu, usawiri ambao baadhi ya wazawa wa familia wameupinga. Filamu hiyo ina fadhila ya kumpa Holloway sauti na ucheshi, lakini bado inamweka profesa katikati kama chemchemi ya ubunifu. Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2016, Umoja wa Mataifa ulimteua Wonder Woman kuwa balozi wa heshima wa kuwawezesha wanawake na wasichana. Wafanyakazi wa Umoja huo walipinga kwamba mhusika aliyechorwa kwa vazi na umbo kama lile hawezi kuwawakilisha wanawake wa dunia, na uteuzi ukakoma mwezi Desemba mwaka huo huo. Mjadala wote ulihusu mwili wa mhusika. Historia ya kazi ya wanawake iliyomwezesha kuwapo haikupewa uzito.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba wasifu wa mtunzi ni nyenzo inayohitaji uangalifu. Unapotumiwa kama kamusi ya ishara, hupotosha, kama ilivyo katika suala la kamba ya dhahabu. Unapotumiwa kama kipimo cha maadili, humfanya mhakiki kuwa hakimu wa nyumba ya watu na kumsahaulisha muundo wa kazi, kama ilivyo katika suala la minyororo. Hata hivyo, kuutupilia mbali kwa jina la nadharia kungekuwa na gharama yake. Kama mwandishi angezikwa kabla ya kuulizwa ni nani waliokuwa nyuma ya jina Charles Moulton, Olive Byrne, Elizabeth Holloway na Joye Hummel wangezikwa naye, tena bila kaburi lenye jina. Barthes aliweza kumwaga mwandishi kwa urahisi kwa kuwa mwandishi aliyemwaga alikuwa amekwisha kutambuliwa. Kwa wale ambao hawajatambuliwa bado, swali la nani alitunga linatangulia swali la kama mtunzi ana umuhimu. Tahakiki inayofungua kwa maisha ya mwandishi ingefanya vyema kuanza na swali hilo, na kulibeba hadi sura ya mwisho.